Mwili mmetuletea, mtu mmebaki naye: uchambuzi wa kisa cha kumkumbuka askari mwenzetu

Kisa ninachokichambua ni cha askari wa usalama barabarani, Koplo kwa cheo, aliyefia kazini kwenye mmoja wa miteremko ya barabara kuu ya kwenda Zambia, upande wa mashariki wa jiji la Mbeya. Zaidi ya kifo chenyewe, ni kisa cha miezi 14 iliyofuata, ambamo sisi tuliofanya naye kazi tulimzika vizuri kisha tukashindwa kumkumbuka, mpaka ndugu zake walipotudai. Nilikuwa naye katika kitengo kimoja kwa miaka 11. Jina lake silitaji, wala kituo chetu, kwa kuwa watoto wake bado wanasoma na mama yao ameniomba hivyo. Nitamwita Koplo tu, kwani ndicho cheo tulichomzikia nacho, na ndivyo madereva, mama ntilie na wauza viazi wa Uyole walivyokuwa wakimwita.

Asubuhi yenyewe

Barabara ile ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili Zambia ipate njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam, na mpaka leo inapitisha shaba inayoteremka kwenda baharini, na mafuta, mbolea na mashine zinazopanda kwenda Zambia na Kongo. Katika nyanda za juu kusini barabara hiyo haina raha. Kitonga upande wa Iringa, Inyala na Iwambi upande wa Mbeya, ni majina ambayo kila dereva wa masafa marefu anayajua, na sisi wa trafiki tunayajua kwa namna yetu. Lori lenye mzigo mzito likishuka huku dereva akikanyaga breki mfululizo, breki hupata moto na kupoteza mshiko, na kwa kuwa kila anapokanyaga hutumia upepo uliomo kwenye mitungi, huweza kufika mahali ambapo kilichobaki mikononi mwake ni usukani na honi. Kinga yake ni ya zamani na kila dereva amefundishwa: shuka kwa gia nzito, ileile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo. Wanaotaka kuwahi, au kuokoa mafuta, huachia gari lishuke lenyewe.

Asubuhi hiyo ya mwezi wa Julai kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Lori la mbolea lilikuwa limeanguka chini ya mteremko kabla jua halijatoka, na tulipofika tulikuta watu zaidi ya 40 wamelizunguka, baadhi wakihangaika kumtoa utingo aliyebanwa, baadhi wakibeba mifuko, na wengi wakitazama. Mimi nilipanda juu kusimamisha magari, Koplo akabaki chini kuwaondoa watu barabarani. Nilisimamisha magari matatu. La nne lilikuwa semitrela, na nililisikia kabla sijaliona, kwa honi isiyokatika, kisha nikapata harufu ile ya breki zilizoungua. Niliita kwenye redio mara mbili. Koplo alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mtaro, na angeweza kuingia humo akajikinga. Badala yake alikimbia katikati ya barabara kuelekea kwenye kundi la watu, filimbi mdomoni na mikono ameitandaza, na watu wakatawanyika kulia na kushoto. Yeye peke yake ndiye aliyegongwa. Utingo wa lori la kwanza alikwishatolewa, na waliojeruhiwa katika kukimbizana kule walitibiwa, wakapona.

Jioni ya siku hiyo niliandika maelezo yangu ya ushahidi: saa, umbali, hali ya hewa, upande wa barabara, alama za matairi. Dereva wa semitrela alinusurika, akafikishwa mahakamani alipotoka hospitali, nami nikaitwa kutoa ushahidi. Jambo hilo lina njia yake ya kisheria na sitaliingiza katika uchambuzi huu. Nayataja maelezo hayo kwa sababu moja tu. Kila neno nililoandika mle ni la kweli, lakini mtu anaweza kuyasoma kuanzia mwanzo hadi mwisho asijue hata kidogo aliyekufa alikuwa nani.

Karatasi niliyoisoma kaburini

Tulimsindikiza kwao, kwenye vilima vya Kilolo, mkoani Iringa. Kutoka Mbeya hadi mjini Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na msafara ulipita Igawa, Makambako na Mafinga usiku kucha, tukiwa na mjane na watoto wake watatu katika gari la mbele. Makambako tulisimama kuwasubiri wenzetu waliokuwa wakitokea Njombe, na hapo kiongozi wa msafara akanipa karatasi moja iliyochapwa akasema, "Wewe ndiye uliyemjua zaidi, utasoma wasifu."

Nilisoma nilichopewa. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akajiunga na Jeshi la Polisi, akapata mafunzo ya awali katika Shule ya Polisi Moshi, akapangiwa vituo hivi na hivi, akapandishwa cheo kuwa Koplo, na hadi mauti yanamkuta alikuwa askari wa kikosi cha usalama barabarani. Enzi za uhai wake marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi na mwenye ushirikiano mzuri na wenzake. Ameacha mke na watoto watatu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Karatasi ilikuwa na upande mmoja tu, nami niliimaliza kwa dakika nne.

Sina la kulaumu katika heshima alizopewa. Gwaride lilisimama vizuri kwenye tope la Kilolo, risasi zilipigwa hewani, wakubwa walikuja na mashada yaliwekwa kwa utaratibu. Heshima hizo ni za cheo na za kazi, na zinapaswa kufanana kwa askari wote, kwa kuwa kifo cha konstebo na cha mrakibu ni kifo cha mtumishi yuleyule wa umma. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua karatasi iliyofanana na ya kila askari, nikaisoma mahali ambapo mimi peke yangu, katika umati wote ule, nilitakiwa kusema lisilofanana na la mtu mwingine. Neno "mchapakazi" nimelisikia likisomwa kwenye makaburi mengi kiasi kwamba halimwelezi tena mtu yeyote. Nami nilikuwa najua, kwa macho yangu, uchapakazi wa Koplo ulikuwa wa namna gani.

Mazishi yalipokwisha nikaitwa pembeni na baba yake mdogo, mzee aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ghala la mahindi. Nilimsalimu kwa salamu yao ambayo Koplo alinifundisha, "Kamwene," akaitikia na kunionyesha pa kukaa.

"Umesoma vizuri, mwanangu," alisema. "Ila huyo uliyemsoma mimi simjui, na nadhani hata wewe humjui."

Nikanyamaza. Mzee akanikumbusha habari ambayo kila Mhehe anaijua: kwamba Mtwa Mkwawa alipofariki mwaka 1898, Wajerumani walikichukua kichwa chake wakakipeleka kwao, na fuvu likarudi Kalenga mwaka 1954, miaka 56 baadaye, na kwamba baba yake yeye mzee alikuwa miongoni mwa waliokwenda kulipokea. "Ninyi mmetuletea mwili mzima, na tunawashukuru sana. Lakini mtu mwenyewe mmebaki naye huko Mbeya. Mtamrudisha lini?"

Nimeulizwa maswali mengi nikiwa kizimbani, na hakuna lililonikaa kichwani kama hilo. Mzee alikuwa ameona jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Kijana wao aliondoka nyumbani akiwa na miaka 20 kwenda Moshi, na tangu hapo alirudi kwa likizo, wiki mbili au tatu kwa mwaka, akifika na sukari na khanga, akilima kidogo, akilala sana. Walimjua kijana. Mtu mzima aliyekufa akiwa na miaka 42 alikulia mbele yetu, kwenye kota, kwenye zamu, na kando ya barabara ile. Ushahidi wa zaidi ya nusu ya maisha yake ulikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wanakunja mahema ya msiba ili wawahi kurudi kazini.

Kunyamaza kwetu

Miezi minane ilipita bila mimi kurudi Kilolo. Hatukuitelekeza familia kwa maana ambayo watu huizungumza. Tulichanga, na mwenzetu mmoja alihangaika na mjane katika mambo ya karatasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo cha kumteua msimamizi wa mirathi, safari za Mahakama ya Mwanzo, barua za mafao. Kazi hiyo ni kubwa na nampa heshima yake. Lakini ilitupa hisia kwamba deni limelipwa, na kila mmoja wetu akaridhika kwamba kuna mwenzake anayeshughulika.

Upande wangu kulikuwa na sababu nyingine, na ninaiandika kwa kuwa naamini si mimi peke yangu niliye nayo. Kila nilipomkumbuka Koplo nilianza na asubuhi ile. Nilikuwa nikisikia honi kwanza, na baada ya honi sikuweza kufika kwingine. Miaka 11 yote ilikuwa imefunikwa na sekunde zisizofika 20, nami nikaogopa kwenda kwa mtoto wake nikiwa nimebeba sekunde hizo tu. Kazini nako tulikuwa tunamtaja kwa njia hiyohiyo: "pale alipogongwa Koplo", "tangu ajali ya Koplo". Mahali pale pa barabara palipata jina lake, na yeye mwenyewe akawa hana pengine pa kukaa katika mazungumzo yetu.

Kilichotuamsha ni simu ya mjane, ambaye wakati huo alikuwa ameondoka kwenye kota na kurudi Kilolo na watoto.

"Shemeji, sikupigii kwa ajili ya hela," alisema. "Mtoto amerudi kutoka shuleni akilia. Wenzake wamemwambia baba yake aligongwa akilikimbilia lori ili apewe rushwa. Nimemwambia ni uongo. Amenijibu, mama, wewe hukuwepo. Sasa nani alikuwepo?"

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na ninaomba msomaji akae nacho kidogo. Watoto wa Kilolo hawakutunga uongo huo kwa ubaya. Walipata nafasi tupu, wakaijaza na kile ambacho watu wazima husema kuhusu trafiki kila siku kwenye mabasi. Nafahamu watu wanavyotuona, na sitasema hapa kwamba wote tuliovaa nguo nyeupe mikono yetu ni safi, kwa sababu sivyo na wananchi wanajua sivyo. Mbeya kwenyewe, siku ya tukio, nilimsikia mtu kwenye kibanda cha chai akisema kwamba afadhali mmoja amepungua. Neno lile liliniumiza kuliko nilivyoweza kueleza wakati ule, na sikumjibu. Sasa naona nilipaswa kumjibu, kwa upole na kwa habari kamili, kwa sababu neno la namna hiyo husafiri, na lilikuwa limekwisha kufika kwenye dawati la mtoto wa darasa la sita.

Daftari

Jumamosi iliyofuata niliwakusanya wenzangu sita nyumbani kwangu, tukamwalika na mama ntilie ambaye kibanda chake kiko juu ya mteremko, pamoja na dereva mmoja wa lori wa Tukuyu aliyekuwa akijuana na Koplo kwa miaka mingi. Nilinunua daftari kubwa. Nikawaomba kila mmoja aseme jambo alilomwona Koplo akilifanya, au alilomsikia akilisema kwa kinywa chake, na nikakataza maneno ya sifa yasiyo na tukio ndani yake. Kwa saa nzima ya kwanza hali ilikuwa ngumu. Askari wamezoea kutoa maelezo, lakini kumweleza rafiki aliyekufa mbele ya wenzao ni jambo jingine. Mama ntilie ndiye aliyefungua.

Alisema Koplo alikuwa na desturi ya kulizunguka lori kabla halijaanza kushuka na kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa, kusikiliza joto. Likiwa na joto kali alimwambia dereva, "Pumzika, baba, mlima haukimbii," akamleta kwenye kibanda chake anywe chai mpaka breki zipoe. Madereva wote aliwaita baba, hata vijana wa miaka 25, na aliwasalimu kwanza ndipo akaomba leseni. Wengine walikasirika, wakadai anawachelewesha ili wampe kitu, na kwa sababu hiyo chai ya dereva aliyesimamishwa aliilipa yeye Koplo, mwisho wa mwezi, kwenye daftari la madeni la mama huyo. Mama alikuwa nalo daftari hilo. Alipokufa kulikuwa na vikombe 17 ambavyo havijalipwa, na mama hakuwahi kumwambia mtu.

Hatukuwa tumejua. Mimi niliyesoma kwamba ni mchapakazi sikuwa nimejua.

Baada ya hapo maneno yalitoka, na si yote yalikuwa ya kupendeza. Mwenzetu mmoja alisema Koplo alikuwa mzito wa kuandika, majalada yake yalichelewa na wakubwa walimkaripia mara kwa mara, na ndiyo sababu hakupanda cheo haraka. Mwingine alisema alikuwa mkaidi, mtu wa kununa siku tatu. Mmoja alikumbuka kwamba pale Moshi, walipokuwa kuruta, Koplo alilia usiku wa kwanza kwa kukumbuka kwao, akawa akiimba nyimbo za Kihehe chini chini mpaka bweni zima likazijua. Dereva wa Tukuyu alisema jambo ambalo lilinipa shida ya kuamua kama liingie daftarini.

Alisema kwamba wakati fulani alimletea Koplo mkungu wa ndizi, na Koplo akaupokea. Ni kweli. Tuliula mkungu huo pamoja, na mimi ndiye niliyemwambia, baada ya kula, kwamba ile nayo ni rushwa. Tuligombana jioni nzima. Yeye alisema kwao mgeni akija na ndizi huwezi kumrudisha nazo. Mimi nilisema dereva si mgeni na barabara si kwao. Hatukusemeshana kwa karibu wiki mbili. Kisha akaja kwangu usiku akasema nilikuwa sahihi, na kwamba siku hiyo amemrudisha dereva yuleyule na ndizi nyingine alizomletea, na kwamba aibu aliyoipata hajawahi kuipata tangu azaliwe. Dereva, pale nyumbani kwangu, alithibitisha. Alisema alikasirika kwa mwezi mzima, na baadaye akaanza kumwamini.

Baadhi ya wenzangu walitaka tuliache. Hoja yao ilikuwa na uzito: mtoto ameambiwa baba yake ni mla rushwa, nasi tunampelekea habari ya mkungu wa ndizi? Nilibishana nao, na ningebishana nao tena leo. Mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kusikia uongo hahitaji malaika wa kuuondoa uongo huo, kwa sababu malaika naye hataaminika, na siku akikua akasikia habari ya ndizi kutoka kwa mtu mwingine atadhani kwamba na mengine yote tulimficha. Kinachomlinda ni habari nzima, pamoja na mahali baba yake alipojikwaa, nani aliyemwambia, na alivyojirudi. Tuliandika yote, kila mtu akatia sahihi chini ya maneno yake kama tunavyofanya kwenye maelezo.

Kurudi Kilolo

Nilikwenda na mwenzangu mmoja na dereva wa Tukuyu, ambaye aliomba mwenyewe kuja. Ilikuwa miezi 14 tangu mazishi, familia ikiwa inajengea kaburi, na ndugu wengi walikuwa wamefika. Mama ntilie alitupa kuku na kutuagiza tusiseme lolote kuhusu vile vikombe 17. Agizo hilo sikulitii, na nimekwisha kumwomba radhi.

Ziara hiyo ilikuwa pia na upande wa manufaa ambao sikuutarajia. Koplo, kama watu wengi wa Kilolo, Mufindi na Njombe, alikuwa ameweka akiba yake kwenye miti. Alipanda misindano ekari mbili kwenye shamba la ukoo, na hiyo ndugu waliijua. Lakini alikuwa amenunua ekari nyingine moja kwa mzee wa kijiji jirani, akalipa kwa awamu, na awamu ya mwisho aliipeleka mimi nikiwa naye. Mkataba ulikuwa wa karatasi ya daftari ambayo mjane hakuiona popote. Nilimtaja muuzaji, nikataja mpaka wa mto na kisiki cha mkaratusi alichonionyesha, na baba mdogo akamtuma kijana kumwita muuzaji siku ileile. Mzee huyo alikuja, akakiri mbele ya watu kwamba fedha zote alipokea na kwamba alikuwa akisubiri mtu wa kuja kuuliza. Miti ilikuwa imefika urefu wa mtu na nusu. Koplo alikuwa akihesabu kwamba itakuwa tayari kwa mbao wakati mtoto wake wa mwisho akiingia chuo. Kama nisingerudi, ekari hiyo pengine ingepotea, si kwa wizi wa mtu, bali kwa kuwa aliyekuwa shahidi aliona vigumu kukanyaga pale.

Kisha tukakaa uani, nikafungua daftari. Nilisoma polepole. Shangazi mmoja alicheka niliposoma habari ya nyimbo za bwenini, akasema nyimbo zenyewe alizifundishwa na yeye, akaimba mmoja wao, na sauti ikamkatika kabla hajaumaliza. Baba mdogo alinisahihisha mahali pamoja: Koplo hakuanza kununa polisini, alikuwa akinuna tangu anachunga mbuzi. Nilipofika kwenye ndizi, mtoto aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Dereva wa Tukuyu akasimama akasema, "Mwenye ndizi ni mimi," akaeleza mwenyewe, na mtoto akamwuliza kama alizirudisha zote. "Zote," alijibu, "hata zilizokwisha kuiva."

Ndipo mtoto akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia kwa mwaka mzima na zaidi.

"Baba mkubwa, kwa nini baba hakuruka mtaroni?"

Hapo zamani ningemjibu kwamba baba yake alikuwa shujaa, na jibu hilo lisingekuwa uongo, ila lingemwacha pale pale alipokuwa. Kilichonisaidia ni jambo nililolisahau kabisa na kulikumbuka usiku ule wa daftari, mwenzetu alipolitaja. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa kwenye ajali nyingine, tukipiga filimbi watu waondoke barabarani na hawaondoki, na baadaye Koplo alituambia kwamba filimbi ya mtu aliyesimama haimtishi mtu. Watu hukimbia wakimwona mpiga filimbi naye anakimbia. Tangu siku hiyo ndivyo alivyofanya kila mara, kwenye ajali kubwa na ndogo, na nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno kuzihesabu. Nilimweleza mtoto hivyo. Nilimwambia kwamba asubuhi ile baba yake hakupata muda wa kufikiri, akafanya kile alichokuwa amezoea kukifanya, na kwamba watu zaidi ya 40 waliondoka barabarani kwa sababu walimwona akikimbia. Nilimwambia pia kwamba mimi nilikuwa juu, niliita kwenye redio mara mbili, na sikuweza kufanya zaidi, na kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Mtoto hakusema kitu. Alikwenda ndani akarudi na filimbi. Sare za baba yake zilirudishwa stoo kama inavyotakiwa, maana ni mali ya serikali, lakini filimbi hiyo Koplo aliinunua kwa fedha zake mjini Mbeya akidai ile ya kazini haina sauti, na mjane aliibakiza. Alinipa niishike, kisha akairudisha mfukoni mwake.

Baba mdogo alilichukua daftari, akaligeuza geuza, akauliza kama litabaki. Nikamwambia ni lao. Akalifunga kwenye kitambaa. Wakati huo lango lilifunguliwa na shangazi mkubwa akaingia, amechoka, basi lake lilikuwa limeharibika njiani kutoka Ilula, akauliza wameanza saa ngapi na amekosa nini. Mzee akakifungua tena kile kitambaa, akanipa daftari, akamwelekeza dada yake mahali pa kukaa karibu nami, nami nikaanza upya, tangu usiku ule wa kwanza pale Moshi.